Kupiga Picha na Kupigwa Picha

Katika sebule ya nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa, ambamo nilikuwa nikiingia na kutoka tangu udogo wangu kama mtoto wa nyumba ile, palikuwa pametungikwa ukutani picha kumi na moja za studio, nyeusi na nyeupe, kila moja ndani ya fremu yake ya mbao. Na katika hizo ilikuwamo moja ambayo mimi, kwa akili za kitoto, niliiona ya ajabu kuliko zote. Binti wa umri wa miaka kumi na saba hivi amesimama kando ya meza ndogo yenye ua la karatasi, nywele amezitia mafuta na kuzigawa katikati, uso umejaa ile haya ya mtu aliyeambiwa asitikisike, na juu ya bega lake la kulia umetua mkono usio na mwenyewe: vidole vinne, pete moja ya akiki, kifundo, basi. Palipoishia kifundo karatasi ilikuwa imekatwa kwa mkasi, moja kwa moja, kwa mkono uliotulia. Nilipouliza nikaambiwa kwamba picha ile iliingia maji.

Ilipita miaka mingi kabla sijajua kwamba mkono ule ulikuwa wa dada mkubwa, aliyeugua akili baada ya kujifungua mtoto wake wa pili, akawekwa katika chumba cha uani hata mauti yakamfika, na kwamba mkasi ule haukushikwa na hasidi wala mtalaka, bali na mama yao mzazi, siku zilipoanza kuja posa za yule mdogo, maana wakwe hutazama kuta kabla hawajamtazama bibi harusi, na swali la "Huyu ni nani?" lingalizaa la pili, na la pili lingalizaa la tatu, na la tatu lingalivunja posa. Sikuileta habari hii ili nimlaumu mama yule, ambaye alimwosha na kumlisha binti yake kwa mikono yake mwenyewe miaka kumi na mitatu, na sijapata kusikia kwamba alinung'unika hata siku moja. Mapenzi yalikuwamo katika nyumba ile, na malezi yalikuwamo. Kilichokosekana ni nafasi ukutani.

Watu wa pwani tuna neno sitara, nalo ni neno zuri, kwa kuwa kumsitiri mja katika udhaifu wake ni fadhila inayotajwa misikitini na mabarazani. Walakini katika maradhi ya akili sitara hiyo aghalabu huwa kifuniko cha chungu, chakula kikaungua chini yake na harufu isitoke. Mtu mwenye sukari hutangaza sukari yake kila anapoandaliwa chai, na mwenye presha huletewa na majirani mitishamba na mashauri ambayo hakuyaomba. Hata sarufi yenyewe humfanyia insafu: husemwa ana sukari, ana presha, ana malaria, yaani yeye ni mtu, na maradhi ni kitu alichonacho, ambacho huenda kesho asiwe nacho. Lakini aliyeugua akili haambiwi ana kitu. Huambiwa ni kitu. Ni kichaa, ni punguani, ni mwehu, ni majununi, na vijana wa Dar es Salaam wameongeza kwamba ni chizi.

Hata majina ya hospitali hayakusalimika. Mathari, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, hutajwa katika mizaha ya Wakenya mara nyingi kuliko inavyotajwa katika mazungumzo ya tiba. Mirembe ya Dodoma ni tusi tangu Kigoma hadi Mtwara. Unguja husemwa fulani katoroka Kidongo Chekundu, na Waganda hali kadhalika wana Butabika yao. Sijapata kusikia mtu akitukanwa kwa jina la hospitali ya macho.

Neno lililoenea siku hizi kwa dhuluma hii ni unyanyapaa, ambalo zama za UKIMWI zililivumisha hata likasahauliwa asili yake. Na maana yake ya awali ni kuona kinyaa, ile hali ya mtu kujivuta upande akakunja uso kana kwamba amepita penye uvundo. Nalipenda neno hili kwa kuwa halitudanganyi. Linakiri kwamba jambo hili huanzia mwilini kabla halijafika katika rai, na kwa hiyo haliondoki kwa hotuba. Basi wako watu, katika nchi mbalimbali, waliojiuliza kama linaweza kuondoka kwa njia ileile liliyoingilia, yaani kwa jicho. Wakachukua kamera, wakaketi na watu waliougua akili, wakawapiga picha za sura, na kando ya kila picha wakaweka kisa cha mwenyewe kwa maneno yake mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo maudhui ya makala haya, na kabla sijaisifu yanipasa nieleze kwamba kamera ina deni kubwa kwa watu hao, deni la zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Kiswahili kina desturi moja ambayo sina hakika kama wenye lugha wenyewe tumepata kuitafakari. Mtu aliyejitia manukato na kuvaa nguo za sikukuu akishika njia kwenda studio, akaulizwa aendako, hujibu: "Nakwenda kupiga picha." Hasemi anakwenda kupigwa, ingawa mwenye kamera ni mwingine na yeye kazi yake ni kusimama. Lakini mshukiwa aliyefikishwa kituoni, huyo alipigwa picha; na maiti ya ajali ilipigwa picha; na maskini aliyelala barabarani akapitiwa na mgeni, naye pia alipigwa. Kamera ni ileile na mwanga ni uleule, walakini lugha imemaizi kwamba katika hali ya kwanza mwenye sura ndiye mwenye tendo. Waliokuwa wakiingia katika studio ya N. V. Parekh, Mombasa, tangu mwaka 1942, au katika Capital Art Studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua Unguja mwaka 1930, walikuwa wakipiga picha katika maana hiyo: walikuja na kiburi chao na mavazi waliyoyachagua, na fundi kazi yake ilikuwa kuwatii kwa ustadi. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezikata sura za wateja wake kwa mkasi na kuzibandika katika mapambo ya kila namna. Na kila nikimkumbuka huyo huwaza kwamba mkasi nao, kama kamera, hutegemea uliagizwa na nani.

Wagonjwa wa akili, kwa muda mrefu, walipigwa. Kamera ilikuwa haijatimiza miaka ishirini tangu itangazwe Paris mwaka 1839 wakati tabibu wa Kiingereza, Hugh Welch Diamond, aliyesimamia upande wa wanawake katika hospitali ya wendawazimu ya Surrey, alipowaketisha wagonjwa wake mbele ya kitambaa akachukua sura zao, mmoja baada ya mmoja, mikono mapajani, shali mabegani, macho yakitazama pembeni mwa kioo. Mwaka 1856 alisoma makala mbele ya Royal Society ya London akataja faida tatu za kazi hiyo: kwamba picha huhifadhi alama za maradhi usoni ili zisomwe na wataalamu, kwamba humsaidia mlinzi kumtambua mgonjwa aliyewahi kutoka akarudishwa, na kwamba mgonjwa mwenyewe, akionyeshwa sura yake, huenda akapata nafuu. Faida ya kwanza imekufa na elimu yake, kwa kuwa hakuna tabibu leo anayesoma wazimu katika umbo la paji la uso. Ya pili ni ya askari jela. Ya tatu ndiyo inayonishughulisha, maana Diamond alisimulia habari ya msichana aliyejidhani malkia, ambaye alikuwa mgumu kukubali kupigwa, na baadaye akawa akizitazama picha zake kwa furaha na kicheko, na tabibu akahesabu kicheko kile kuwa sehemu ya kupona kwake. Miaka miwili baadaye tabibu mwenziwe, John Conolly, alizitumia picha hizo, zikiwa zimechorwa upya ili zichapwe, katika jarida la matabibu, akieleza sura zile kama mtu aelezavyo mimea. Kicheko cha msichana hakikuchorwa.

Wafaransa waliendelea mbele zaidi. Katika Salpêtrière, hospitali kubwa ya wanawake ya Paris, chini ya tabibu Jean-Martin Charcot, kulikuwa na chumba maalumu cha picha, na baina ya mwaka 1876 na 1880 zikachapwa juzuu za picha za wagonjwa wakiwa katika vifafa na kuweweseka kwao. Aliyejulikana kuliko wote ni binti aliyeitwa Augustine, ambaye sura yake ilizungushwa Ulaya nzima kama ithibati ya maradhi ambayo matabibu waliofuata waliyakana kwa jinsi yalivyoelezwa. Mwaka 1880 Augustine alivaa nguo za kiume akatoka mlangoni, asionekane tena. Katika habari yote ya Salpêtrière hilo ndilo vazi la pekee ninaloweza kusema kwa yakini kwamba alilichagua yeye.

Huku kwetu hapakuhitajiwa hata kamera. J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, ambamo akili ya Mwafrika mzima wa siha ilifananishwa na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Nalitaja jambo hili kwa haraka kwa kuwa limekwisha kujibiwa na waliostahili kulijibu. Lakini msomaji akumbuke kwamba mtu aliyeugua akili Nairobi siku zile alikuwa akinyanyapaliwa mara mbili, na jirani yake aliyemkimbia na tabibu aliyemkaribia.

Kisha zikaja picha za hasira. Franco Basaglia, tabibu wa Kiitaliano aliyepewa hospitali ya Gorizia mwaka 1961, alikataa kutia sahihi katika daftari ya wagonjwa waliofungwa vitandani usiku, akaanza kufungua milango; na mwaka 1969 yeye na mkewe, Franca Ongaro, wakatoa kitabu kiitwacho Morire di classe, chenye picha za Carla Cerati na Gianni Berengo Gardin, zilizopigwa Gorizia na katika hospitali nyingine za nchi hiyo. Vichwa vilivyonyolewa, mikono iliyofungwa, watu wameinama katika ua wa mawe kama mizigo iliyosahauliwa bandarini. Waitalia walitazama wakatahayari, na mwezi wa Mei 1978 bunge lao likapitisha Sheria namba 180, iliyoamuru hospitali hizo zifungwe hatua kwa hatua. Sisemi kwamba picha ziliandika sheria. Nasema kwamba ni vigumu kuwaambia watu wavunje ukuta ambao hawajapata kuona kilichomo nyuma yake.

Barani Afrika picha za namna hiyo zilipigwa na Robin Hammond, mzaliwa wa New Zealand, aliyeanzia Juba mwaka 2011 kwa kuona wagonjwa wa akili waliotiwa katika gereza kuu bila ya kosa, akaendelea katika nchi nyingine zilizochakazwa na vita na uhamisho, zikiwamo Somalia, Kongo, Uganda na Kenya, na mwaka 2013 akatoa kitabu chake, Condemned. Nimekitazama kitabu hicho mara mbili, na mara zote mbili nimekifunga kabla ya mwisho. Minyororo ni minyororo, na asiyetaka ionekane ajiulize anamsitiri nani, mfungwa au mfunga. Hata hivyo nilipokifunga sikumkumbuka mtu hata mmoja. Nilikumbuka vifundo vya miguu. Yamkini mpiga picha mwenyewe alilihisi jambo hilo, kwa maana baadaye, katika shirika alilolianzisha, Witness Change, aligeukia kazi ya namna nyingine, iitwayo In My World, ambamo watu walioishi na maradhi ya akili hutazama kamera usoni na kusimulia habari zao wenyewe. Kutoka kitabu cha kwanza hadi kazi ya pili ni safari ileile ya kutoka kupigwa hadi kupiga.

Je, kazi ya namna hii hufaa kitu, au ni pambo la kumbi za mijini? Wataalamu wamelichunguza swali hili kwa miaka mingi. Gordon Allport wa Marekani alifundisha, mwaka 1954, kwamba chuki baina ya makundi hupungua watu wake wakikutana kwa usawa, wakiwa na shughuli moja, na wenye mamlaka wakiwa radhi. Naye Patrick Corrigan na wenzake, mwaka 2012, walikusanya makala 72 za utafiti wa kupambana na unyanyapaa wa maradhi ya akili, zenye watu 38,364 kutoka nchi 14, wakapata kwamba kwa watu wazima kukutana na aliyeugua kuna nguvu kuliko kuelimishwa, na kwamba kukutana ana kwa ana kuna nguvu kuliko kumtazama katika video. Kwa vijana ilikuwa kinyume kidogo, elimu ikashinda. Mwaka 2022 tume ya jarida la Lancet, iliyoongozwa na Graham Thornicroft wa London pamoja na Charlene Sunkel, Mwafrika Kusini ambaye mwenyewe ameishi na skizofrenia, ilifikia rai hiyohiyo ya kukutana.

Hapo msomaji makini atasema: basi picha ni kitu cha daraja la pili. Naam, ni cha daraja la pili, na mwenye kuipanga ukutani akadhani amemaliza kazi anajidanganya. Lakini wangapi katika sisi wataketi leo jioni na mgeni aliyewahi kulazwa Mirembe wakamsikiliza saa nzima? Picha hutembea pale ambapo mwenyewe hawezi, na hustahimili kutazamwa kwa namna ambayo kiumbe hai hastahimili. Maana mbele ya mtu tunaona haya ya kukodoa macho, tukaangalia pembeni, na kuangalia pembeni ndiko kunyanyapaa kwenyewe, ilhali mbele ya picha jicho huruhusiwa kukaa mpaka lizoee. Katika wilaya ya Chitwan, huko Nepal, walifanya busara ya kuunganisha mambo yote mawili: watu waliotibiwa walifundishwa kupiga picha za maisha yao, wakazipanga zikawa kisa cha kuugua na kupata nafuu, kisha wakaenda wenyewe, na picha zao mikononi, kuwasimulia wahudumu wa afya wa vituo vya vijijini katika mafunzo yao. Matokeo ya jaribio lao dogo yalikuwa na dalili njema. Nalitaja kwa sababu ya hadhira waliyoichagua. Wengi hudhani mnyanyapaaji ni mwanakijiji asiyesoma, na huku waliougua watakwambia kwamba maneno makali kuliko yote waliyasikia dirishani pa kuchukulia dawa.

Aidha kuna mahubiri ambayo picha huyafanya vizuri kuliko mabango. Katika nchi nyingi watu waliambiwa kwamba maradhi ya akili ni maradhi ya ubongo kama malaria ilivyo maradhi ya damu, kwa matumaini kwamba wakijua hivyo watamhurumia mgonjwa. Wachunguzi wakaona kwamba lawama hupungua kweli, lakini hofu haipungui, na mahali pengine huzidi, kwa kuwa mtu ambaye ubongo wake umesemwa umeharibika hudhaniwa hatengemai. Sura ya mtu haina hoja ya namna hiyo. Haisemi kitu juu ya ubongo. Husema tu kwamba huyu hapa, ana makunyanzi kando ya macho, na aliyemshonea nguo hakumshonea vizuri kwenye kwapa.

Nilipata kuhudhuria kazi moja ya namna hii, katika chumba cha kukodi kisichozidi hatua sita kwa nne, karibu na kwetu, na kijana mwenye kamera alinisihi nisimtaje, wala nisimtaje aliyekuja. Alikuja mama wa umri wa miaka hamsini na kitu, amechukua mfuko wa plastiki wenye viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi. Akavua champali akavivaa.

"Viatu havitaonekana, mamangu," kijana akamwambia. "Picha yaishia hapa kiunoni."

"Mimi nitajua vimo," akajibu, akaketi.

Kijana hakumwambia ainue kidevu wala asogee. Alishusha kamera hata ikawa sawa na macho ya mama, kwa maana, kama alivyonieleza baadaye, picha iliyopigwa kutoka juu humfanya mtu mtoto, na iliyopigwa kutoka chini humfanya sanamu. Dirisha likawa ndiyo taa, na kitambaa cha nyuma kilikuwa shuka la rangi ya kijivu. "Nikae hivi, mwanangu, au nigeuke?" mama akauliza. "Wewe wataka vipi?" Swali hilo lilimtatiza kitambo, nikadhani hakulisikia; kisha akasimama, akaikunjua leso aliyojitanda, akaikunja upya mabegani mpaka jina lake likaja mbele likasomeka. Wasomaji wa pwani hawahitaji kuambiwa kwamba leso hununuliwa kwa jina lake kama inavyonunuliwa kwa rangi, na kwamba mwanamke aliyekatazwa kusema husema kwa leso. Jina la leso ile sitaliandika, kwani alisema ni baina yake na mumewe.

Maelezo yake yalikuwa yamechukuliwa wiki moja kabla, kwa kinasa sauti, na siku ile alisomewa yote. Alifuta sentensi mbili. Moja ilikuwa ya jina la mganga, nyingine ya neno alilomwambia dada yake siku alipokuwa mkali, "hilo nililisema nikiwa si mimi," akasema, "na yeye bado alikumbuka, basi lisirudi." Kisha akauliza mbona mahamri yake hayamo. Kijana akasema habari ilikuwa ndefu akayaacha. "Yatie," akasema. "Watu wanijua kwa mahamri." Na hivyo maandishi ya picha ile huanza na iliki na tui la nazi, na kuamka saa kumi za usiku, na maagizo ya arusi, na maradhi hayatajwi mpaka aya ya tatu, baada ya msomaji kwisha kuona njaa. Nimesoma visa vingi vya namna hii vilivyohaririwa na watu wenye shahada, vyote vikianzia kwenye giza na kuishia kwenye nuru, kama nyimbo za harambee. Hakuna aliyefikiri kumuuliza mwenyewe habari yake yeye angeanzia wapi.

Lililochukua muda mrefu kuliko yote ni ridhaa, na katika hili kijana yule alikuwa mwangalifu kuliko taasisi nyingi ninazozijua. Mtu huweza kuridhika leo, akiwa na nafuu, asiridhike mwakani, mwanawe akiingia shule mpya au mwenye nyumba akibadilika. Na picha ikishatoka nje, sembuse ikiingia katika simu za watu, haiitiki ikiitwa. Kuna na mambo ya sheria. Katika Kenya, mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mkosaji, na kwa hiyo mtu aliyesimulia hadharani usiku wake mbaya kuliko yote alikuwa, kwa hesabu ya sheria, anaungama kosa. Katika Tanzania kifungu cha 217 kinasema kama kile cha Kenya kilivyokuwa kikisema. Watu kama Sitawa Wafula, aliyesimama mbele ya Wakenya akaeleza kuishi kwake na kifafa na maradhi ya kupanda na kushuka kwa hisia, walitangulia kusema kabla sheria haijawafuata, na ushujaa huo haufai kudaiwa kwa kila mtu.

Nina shaka nyingine pia, nami naiandika ijapokuwa wapenzi wa kazi hii hawataifurahia. Wanaofika mbele ya kamera ni wale waliopata nafuu, wenye ndugu, wenye kauli. Yule anayezungumza peke yake penye jaa la taka la Kongowea, Mombasa, ambaye watoto humrushia mawe, hana mtu wa kumsomea maelezo yake, na ridhaa yake hatuna namna ya kuipima; tukimpiga, tumempiga. Na ukuta uliojaa sura za waliopona huenda ukamfanya yeye aonekane mkaidi, kana kwamba kupona ni adabu. Fauka ya hayo, mtu akiguswa na picha akaamua kumpeleka nduguye hospitali, akakuta dawa hazipo na tabibu yuko wilaya ya tatu kutoka hapo, picha imemtoa nyumbani kwa ahadi isiyo yake.

Mama wa mahamri aliletewa karatasi ya kutia sahihi, imepangwa miji kwa safu, na mbele ya kila mji kisanduku kidogo, apige alama pale anaporuhusu picha yake ionyeshwe. Alikuwa hasomi upesi, akamwomba kijana amtajie mmoja mmoja. Nairobi? Ndiyo. Nakuru? Ndiyo, hana mtu huko. Kisumu, ndiyo. Malindi akafikiri, akahesabu kwa vidole watu fulani wa upande wa mumewe, akasema hapana. Lamu hapana. Voi, ndiyo. Ilipofika zamu ya Mombasa akanyamaza, akaitazama picha yenyewe katika kioo cha kamera, akaikaribia, akaitazama sana ile sehemu ya leso.

"Hapo andika bado," akasema.

Kijana akamweleza kwamba karatasi ina ndiyo na hapana tu.

"Andika wewe kwa mkono. Bado."

Akaandika. Kisha mama akavua viatu, akavipangusa kwa pindo la nguo, akavirudisha katika mfuko, akauliza picha moja ya karatasi ni bei gani, ya kutia katika fremu. Akaambiwa yake ni bure, akakataa, akatoa noti mbili zilizokunjwa katika ncha ya leso, akasema apigiwe mbili kubwa, moja yake, na moja ya dada yake.